Waliozikwa Kabla Yetu Ngorongoro

Karatu huamka mapema. Jua halijapanda juu ya Rhotia, magari ya watalii yamekwisha kujipanga kwenye vituo vya mafuta, madereva wanakagua matairi na kupakia maboksi ya chakula cha mchana. Ng'ambo ya lami akina mama wanashusha magunia ya mbaazi na ya vitunguu vilivyotoka Mang'ola usiku. Udongo ni mwekundu, unashika viatu, pindo za suruali, na kuta za maduka mpaka usawa wa goti. Kwa wageni wengi mji huu ni mahali pa kulala tu kabla ya kupanda kwenda lango la Lodoare, la Hifadhi ya Ngorongoro. Mimi nilishuka hapa kwa sababu nyingine. Nilitaka kuona walikozikwa watu walioipigania nchi hii kabla haijawa hifadhi, na kabla haijawa wilaya.

Kaa stendi nusu saa tu, utasikia lugha zisizotoka tumbo moja. Wairaqw, ambao ndio wengi Karatu, lugha yao ni ya Kikushi, ina undugu wa mbali na Kisomali na Kioromo. Wadatoga na Wamaasai wote ni Waniloti, lakini kila mmoja ana tawi lake na hawaelewani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanazungumza lugha yenye vidoko ambayo wataalamu hawajaipatia ndugu popote duniani. Kisha kuna Wanyiramba, Waihanzu, Wachaga na wengine wa lugha za Kibantu, na Kiswahili kinachotuwezesha sote kubishana bei. Ni sehemu chache sana Afrika ambako mikondo hiyo yote inakutana katika eneo la mwendo wa siku mbili kwa miguu. Na haikukutana kwa amani. Kila kundi lilifika na Mungu wake, na namna yake ya kuzika, na kumbukumbu yake ya vita.

Nimekuja kuamini jambo moja kuhusu vita hivyo, na safari hii ilinizidishia imani hiyo: mshindi alichukua malisho na maji, lakini mahali patakatifu pa aliyeshindwa hakuweza kupachukua wala kupapuuza. Ilimbidi apaheshimu.

Nje kidogo ya mji, kwenye mteremko unaotazama mashamba ya ngano, kuna nyumba ya Kiiraqw ya zamani iliyojengwa upya na familia moja ili wajukuu waione. Ukitokea juu huioni. Unaona majani, unaendelea kutembea, kumbe tayari uko juu ya paa. Nyumba yote imechimbwa ndani ya kilima, na ukuta wa nyuma ni kilima chenyewe. Paa limelazwa magogo, fito, kisha samadi na udongo uliopigwa mpaka ukakaza, na majani yameota juu yake. Mlango ni mfupi. Ndani kuna giza na harufu ya moshi wa miaka. Mkono mmoja ni zizi la ndama na mbuzi, mkono wa pili ni meko na jiwe la kusagia lililolika katikati. Juu ya fito kuna dari ya kuwekea nafaka.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Inama, mwanangu. Mlango huu uliwekwa hivyo makusudi. Mwenye mkuki akitaka kuingia, kichwa chake ndicho kinatangulia."

Nilipita nikiwa nimeinama, naye akiwa amesimama pembeni ya mlango kwa ndani, pale ambapo baba wa nyumba angesimama usiku wa uvamizi. Nilielewa bila kuelezwa zaidi. Wamaasai walikuwa wakipanda kutoka bondeni kutafuta ng'ombe. Kwa mbali hakuna walichoona ila kilima na majani. Wakikaribia wakasikia ng'ombe, bado walipaswa kuingia mmoja mmoja, kwa kuinama, kutoka kwenye mwanga kwenda gizani. Hiyo ni ngome, japo haina hata jiwe moja la mapambo.

Tulipokaa nje kuota jua, mzee alianza habari ya Ma'angwatay. Nilikuwa nimeisoma, lakini kuisikia kwa mtu ambaye ni yake ni jambo jingine. Zamani sana, alisema, Wairaqw walikaa mahali paitwapo Ma'angwatay, ambapo wengi hupaweka upande wa Kondoa. Kiongozi wao aliitwa Haymu Tipe. Walikuwa wengi, mazao yalijaa, ng'ombe walinona, na vijana hawakuwa na kazi ya kuonyesha uhodari wao. Wakamteka mtoto wa kiongozi, Gemakw, wakamficha msituni. Haymu Tipe alipowafuata, wakampa sharti: tuletee adui tupigane naye, ama sivyo mwanao tunamuua. Baba akatuma ujumbe kwa Wadatoga, na Wadatoga wakaja. Vita ikapiganwa, na kijiji kikajaa maiti. Waliobaki wakakimbia na kiongozi wao hadi Guser-Twalay, na baada ya kuhangaika wakaishia kwenye milima ya Kainam, Mbulu, ambayo mpaka leo Wairaqw huiita nchi yao ya asili, Irqwar Da'aw.

Nimesikia simulizi nyingi za makabila zinazoeleza jinsi watu walivyofukuzwa. Karibu zote humlaumu jirani. Hii inamlaumu mwenye nyumba. Adui aliitwa, na aliitwa na watoto wetu wenyewe waliokuwa wameshiba. Mzee alipofika hapo alinyamaza kidogo, akasema, "Hii tunawaambia vijana wakianza kupenda ugomvi." Basi hadithi hiyo ina kazi, na bado inafanya kazi.

Imani ya Wairaqw nayo inafuata mkondo huo wa kuogopa madhara yatokayo ndani na nje. Mungu wao, Looaa, ni mama, na makao yake ni jua. Ndiye mpole, ndiye anayelinda. Majini, kwenye chemchemi na mito, wanakaa Netlaamee, roho wanaoweza kumdhuru anayevunja miiko. Ardhi yenyewe ina mpaka, na mpaka hulindwa kwa ibada iitwayo masay, ambamo mnyama wa kafara hupitishwa kuzunguka ukingo wa nchi ili magonjwa na mabaya yabaki nje. Anayejua siku na namna ya kufanya hivyo ni mganga wa ardhi na mvua. Waganga mashuhuri zaidi wametoka ukoo wa Manda, ambao simulizi zinasema asili yake ni Ihanzu, kwa watu wa lugha ya Kibantu. Yaani ufunguo wa mvua ya Wairaqw, jambo zito kuliko yote kwa mkulima, waliukabidhi kwa watoto wa wageni. Leo Karatu imejaa makanisa, ya Kikatoliki, ya Kilutheri na ya Kipentekoste, na misikiti imo. Hata hivyo nilimwona mama mmoja akiita watoto wake kwa ukali wasichezee kijito saa sita mchana.

Kutoka Karatu hadi Ziwa Eyasi barabara inashuka kwa mashimo na vumbi, na joto linaongezeka kila unapokata kona. Mang'ola kuna mashamba ya vitunguu yanayonyweshwa na chemchemi, na pembeni yake wanakaa Wadatoga. Wahunzi wao wanayeyusha shaba na vyuma chakavu kwa mivukuto ya ngozi, wanapiga vikuku na vichwa vya mishale. Wahadzabe huvinunua kwa asali na ngozi, biashara ya zamani baina ya watu ambao babu zao waliwahi pia kuuana. Wanawake wazee wa Kidatoga wamechorwa duara kuzunguka macho, na siku za sherehe huvaa ngozi zilizonakshiwa kwa shanga.

Kinachowatofautisha sana na jirani zao ni kaburi. Mzee wa Kidatoga aliyeishi vizuri, mwenye watoto na heshima, huzikwa kwa bung'eed, ibada ya miezi mingi, aghalabu karibu miezi tisa. Juu ya kaburi hujengwa kichuguu cha udongo, hatua kwa hatua, kinapanda kadiri miezi inavyokwenda. Koo hualikwa kutoka mbali. Pombe ya asali hutengenezwa kwa wingi, na siku ya mwisho mtoto wa marehemu hupanda juu ya kichuguu mbele ya umati. Tangu hapo marehemu ni mzee wa nchi, si wa familia peke yake. Mungu wao ni Aseeta, naye pia ana uhusiano na jua, lakini katika shida za kila siku wanaoombwa ni hao waliozikwa. Kwa hiyo Mdatoga akihamishwa mahali, hahamishwi kwenye majani tu. Anaondolewa kwa watu wanaomwombea.

Wamaasai hawakuwa hivyo. Zamani maiti ilipelekwa porini ikaachwa kwa wanyama, na ni wachache tu, oloiboni (mganga na mtabiri) mkubwa au mzee mashuhuri, waliofukiwa chini ya rundo la mawe, ambalo kila mpita njia huliongezea jiwe lake. Enkai wao yuko juu, katika mvua na radi, na makao yake wanayaelekeza Ol Doinyo Lengai, mlima ambao bado unawaka na ulilipuka kwa nguvu mwaka 2007. Hawa ndio watu wawili waliopigania kreta ya Ngorongoro: mmoja ana wafu ardhini, mwingine ana Mungu mlimani.

Asubuhi niliyopanda Lodoare ukungu ulikuwa mzito. Nyani walikaa kwenye ukuta wa lango wakisubiri mtu aache mlango wa gari wazi. Msitu wa ukingoni ulidondosha maji kana kwamba mvua imenyesha, na pale penye kituo cha kutazamia hatukuona kitu, weupe mtupu. Watalii walipiga picha za weupe huo, wakarudi garini. Ilipofika saa tatu ukungu ulipasuka, na bonde lote likaonekana: mita 600 chini, kilomita za mraba zipatazo 260, Ziwa Magadi likimetameta katikati, na msitu wa Lerai kama doa la kijani kusini yake.

Tuliteremka ndani ya kreta kwa barabara ya Seneto. Dereva wangu, kijana wa Kiiraqw kutoka Bashay, alikuwa hodari wa wanyama. Alimwona faru mahali ambapo mimi niliona jiwe. Nilipomwomba anionyeshe makaburi ya kale alicheka kwa mshangao. "Kaka, hilo hakuna anayeuliza." Lakini aliyajua. Magari hayaruhusiwi kutoka barabarani, kwa hiyo tulisimama tu upande wa ziwa akanielekeza kwa kidole: rundo la mawe, pana na la chini, majani yameota pande zote. Pundamilia mmoja alikuwa akijikuna hapo. Usipoambiwa, utadhani ni mawe yaliyotupwa na volkano.

Makaburi hayo si ya Wadatoga wala ya Wamaasai. Yana umri wa zaidi ya miaka 2,000. Wajerumani walianza kuyagundua kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wakati huo ndugu wawili wa Siedentopf walikuwa na mashamba humu ndani, mmoja upande wa mto Munge, mwingine Lerai, na Hans Reck, mtaalamu wa miamba aliyefanya kazi Olduvai mwaka 1913, aliyachimba baadhi. Baadaye alikuja mwanaakiolojia Louis Leakey, na katika miaka ya 1960 Hamo Sassoon, aliyekuwa mhifadhi wa mambo ya kale wa serikali. Walikuta mifupa ya watu waliolazwa wamejikunja, mabakuli yaliyochongwa kwa jiwe, michi ya mawe, na shanga. Walikuwa wafugaji, hawajajua chuma. Wakati wanalaza maiti wao hapa, Roma na Carthage walikuwa wanauana kwa ajili ya Bahari ya Mediterania, na wafalme wa Meroe, kule Sudan, walikuwa wanajengewa piramidi. Wale wameandikiwa vitabu. Hawa wa kwetu hatuwajui hata kwa jina moja.

Lakini tumeanza kuwajua kwa njia nyingine. Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 41 wa kale wa Afrika Mashariki, wakiwemo waliozikwa katika pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi. Ilionekana kwamba wafugaji wa kwanza walikuwa na asili ya kaskazini mashariki mwa Afrika, wamechanganyika na watu wenye uhusiano na Mashariki ya Kati. Walipoteremka huku wakaoana na wawindaji waliowakuta. Kisha kuoana huko kukapungua sana. Kwa karne nyingi mfugaji na mwindaji waliishi bonde moja, wakinywa maji mamoja, na hawakuoana ila mara chache. Nilipolisoma jambo hilo nilihuzunika, kwa sababu nililitambua. Hata leo Mang'ola, Mhadzabe na Mdatoga wanauziana mishale na asali mchana kutwa, jioni kila mmoja kwake.

Lerai tulisimama kwa chakula. Mbali kidogo na migunga mirefu ya njano kuna mikuyu mikubwa, na mojawapo ndiyo niliyokuja kuitafuta. Simulizi za Wadatoga na za Wamaasai pia zinakubaliana kwamba katika karne ya 19 palipiganwa vita kali ndani ya kreta, Wadatoga wakashindwa, wakakimbilia Eyasi na Hanang. Inasimuliwa kwamba chini ya mkuyu huo amelala kiongozi wao aliyekufa vitani. Henry Fosbrooke, mhifadhi wa Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, alizisikiliza habari hizi kwa makini kuliko wengi waliomfuata. Na jambo linalonigusa ni hili: wazee wa Kidatoga hawakuacha kurudi. Wameendelea kupanda kutoka Eyasi kuja kumwomba mzee wao, wakapita katikati ya nchi ya waliowafukuza, na Wamaasai wakawaacha wapite. Wanawake wa Kimaasai nao huheshimu mkuyu, oreteti kwa lugha yao, na huenda chini yake kuomba watoto na mvua.

Fikiri hilo. Mwaka 1453 Waturuki walipoiteka Konstantinopoli, Sultani Mehmed aligeuza kanisa la Hagia Sophia, lililokuwa limesimama tangu mwaka 537, kuwa msikiti. Mshindi aliingia ndani ya nyumba ya Mungu ya aliyeshindwa akaifanya yake, na walioshindwa hawakusali tena humo. Ngorongoro hapakuwa na kuba wala dhahabu, palikuwa na mti na rundo la udongo. Mshindi aliliacha kaburi, akamwacha mwenye kaburi arudi, na yeye mwenyewe akapiga magoti chini ya mti wa aina ile ile. Sisemi kwamba vita yao ilikuwa ya huruma. Watu walikufa kwa mikuki, watoto na ng'ombe walichukuliwa. Nasema palikuwa na mstari ambao mkuki haukuvuka, na hakuna aliyeuandika ukutani.

Wamaasai nao hawakulifaidi bonde kwa muda mrefu. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshawapunguzia mifugo katika miaka ya 1880. Kisha, karibu na mwaka 1891, ikaja sotoka, na nyuma yake ndui. Wao wanaita kipindi hicho emutai. Machi 1892 Oscar Baumann wa Austria alifika ukingoni mwa kreta, mgeni wa kwanza wa Ulaya kuacha maandishi kuihusu, akateremka. Aliandika juu ya wingi wa wanyamapori, na pia juu ya wanawake waliobaki mifupa, wazee na watoto waliokusanyika kwenye boma la miiba la kambi yake wakiomba chochote, hata ngozi. Taifa lililotisha nchi kutoka Kenya hadi Dodoma lilikuwa limelazwa na ugonjwa wa ng'ombe. Ni baada ya maafa hayo ndipo Wairaqw walipoanza kutoka kwenye milima yao ya Kainam na kushukia nchi wazi ya Karatu, pole pole, na katika karne ya 20 wakaijaza. Nyumba za chini ya ardhi zikaanza kuinuka juu. Karatu ninayoiona asubuhi, na matofali yake na mabati yake, ilijengwa na watu waliokuwa wameacha kujificha.

Tulipopanda tena ukingoni, dereva alinionyesha mnara wa mawe wa Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959, na baba yake Bernhard aliyezikwa pamoja naye. Gari zote husimama hapo. Kuna maandishi, kuna maua. Sina neno baya na kaburi hilo. Kijana alikufa akihesabu wanyama wetu. Lakini ni kaburi pekee Ngorongoro ambalo mgeni anasimamishiwa gari.

Mwaka ule ule wa 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti ili watu, mifugo na wanyama waishi pamoja. Julai ya mwaka huo Mary Leakey akaokota fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, na mwaka 1978 timu yake ikafukua nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. UNESCO iliiandika Ngorongoro urithi wa dunia mwaka 1979 kwa ajili ya maumbile yake, na mwaka 2010 ikaongeza upande wa utamaduni, kwa msingi wa ushahidi huo wa chimbuko la binadamu. Ni haki yake. Ila nikitazama orodha hiyo naona mamilioni ya miaka yamehesabiwa vizuri, na miaka 3,000 ya mwisho, yaani ya watu wenye lugha, sala na majina, imepitwa mbio.

Na watu hao hawajaisha. Mwaka 1974 Wamaasai waliokuwa wakikaa ndani ya kreta waliondolewa, mwaka uliofuata kilimo kikapigwa marufuku katika hifadhi nzima, na tangu 2022 familia nyingi zimehamia Msomera, Handeni. Zipo zilizojiandikisha kwa hiari na zipo zinazopinga mpaka leo. Mwenye nyumba hulipwa nyumba, mwenye zizi huhesabiwa zizi. Ningependa sana kuona katika fomu hizo safu moja ya mti, ya chemchemi na ya rundo la mawe, pamoja na haki ya mwenye nacho kurudi kuomba, kama Mdatoga alivyorudi kwa karne nzima na zaidi bila kibali cha mtu mwenye muhuri.

Engaruka niliiacha mwisho. Lazima uteremke mpaka Mto wa Mbu, halafu ushike kaskazini chini ya ukuta wa bonde la ufa, vumbi jeupe la volkano likikufuata. Hapo, kwenye miguu ya milima ile ile ya Ngorongoro, kuna mji wa wakulima ulioishi kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Mifereji ya mawe ilitoa maji ya mito ya mlimani na kuyasambaza kwenye vishamba vya mraba, vyote kwa pamoja karibu hekta 2,000. Juu yake, mteremkoni, ni vijiji vilivyojengwa kwa ngazi za mawe. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883 akashangaa. Leakey alichimba mwaka 1935, Sassoon alikuta mtama ulioungua. Niliweka kiganja juu ya ukuta wa mfereji mmoja. Mawe hayana saruji, yamepangwa uso kwa uso, na bado huwezi kupenyeza kisu katika baadhi ya maungio.

Nani aliyejenga? Wairaqw wapo wanaosema ni babu zao kabla ya kupanda Mbulu. Wengine wanawatazama Wasonjo wa Loliondo, ambao hadi leo wanalima kwa mifereji, na ambao nabii wao Khambageu, kwa imani yao, alifanya miujiza na kuliacha kaburi lake tupu. Wengine wanawataja Wadatoga. Maji ya mito yalipungua, wavamizi wakaongezeka, na watu wakatawanyika. Kwa maoni yangu yawezekana damu ya Engaruka imo kwa wote hao, kwa sababu watu wanaokimbia hawakimbilii upande mmoja.

Engaruka ya leo ni kijiji cha Wamaasai na wahamiaji wa kila namna, wanalima mahindi na maharage kwa maji ya mto ule ule. Nilimkuta baba mmoja wa makamo, shuka jekundu begani na jembe mkononi, akitazama saa kwenye simu. Nilimuuliza kama ugomvi upo. "Upo, tena kila msimu," akasema, "ndiyo maana tuna kamati." Zamu yake ilikuwa saa tisa, na jirani wa juu alikuwa amezidisha dakika ishirini. Alinielekeza mabaki mengine yaliko, akasema yeye na wenzake wamekubaliana wasing'oe mawe ya kale kujengea mabanda, na aliyeng'oa mwaka uliopita alitozwa mbuzi. Halafu akaniacha, akapandisha kwa haraka kwenda kumdai jirani yake maji.